Mgeni wa Simoni na Usiku wa Ngome Kongwe

Tafakari ya juma: Luka 7:36-50



Habari ya chakula nyumbani kwa Simoni Mfarisayo Luka ameiandika kwa jicho kali. Wageni wamejilaza mezani kwa desturi ya wakati ule, vichwa mbele, miguu nyuma. Anaingia mwanamke ambaye hakualikwa, mkononi ana chupa ya marhamu. Anasimama nyuma, miguuni pa Yesu, analia. Machozi yanailowesha miguu, naye anaifuta kwa nywele zake. Hasemi neno hata moja, na habari itakwisha bila sisi kuisikia sauti yake. Mwenye nyumba naye kimya, anawaza moyoni tu. Kisha inafika aya ya 44, ambayo wengi huipita mbio wakiwahi msamaha wa mwishoni. Hapo Luka anatuambia uso wa Yesu ulielekea wapi: amemgeukia mwanamke, ila anayesemeshwa ni Simoni. Na anachoulizwa Simoni ni kama anamwona mwanamke huyu.

Swali hilo linashangaza, maana macho ya Simoni hayakubanduka kwa mwanamke huyo tangu alipovuka kizingiti. Alikuwa ameshaona kila alichotaka kukiona. Alijua ni mwanamke wa namna gani, na alipokwisha kuijua namna yake hakuwa na haja ya kumtazama tena.

Mwaka huu nililibeba swali hilo hadi mahali ambapo baadhi yenu mnaona padre hana shughuli: kwenye tamasha la filamu. Mnanifahamu. Mapadre wenzangu wana Simba na Yanga, mimi nina sinema, na sijaona bado kanuni ya Kanisa inayoniweka pabaya kuliko wao.

Tamasha lenyewe ni lile la Zanzibar, ZIFF, ambalo sisi wa makamo tulilizoea kwa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi. Liliasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza 1998. Waanzilishi walitaka kuzikutanisha nchi ambazo jahazi lilizifikia kwa karne nyingi, kuanzia pwani yetu hadi Ghuba na Bara Hindi, na ndiyo maana tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Filamu zake hazikubaki mjini tu. Kwa miaka mingi zimepelekwa vijijini, Unguja na Pemba, kwa watu ambao hawana ukumbi wa sinema karibu nao.

Maonyesho yanayovuta umati hufanyika Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoshwa, tena ilijengwa pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa gereza. Leo ndani yake mna jukwaa la wazi lenye ngazi za mawe za kukalia. Watu waliomba pale, watu wakafungwa pale, na sasa watu wanatazama filamu pale. Sitaki kulivuta jambo hili liwe mahubiri. Ila nikiketi juu ya mawe yale jioni hunijia kwamba walionitangulia nao walikuwa wakingoja kitu. Sisi tunangoja giza liingie vya kutosha, watu watoke kuswali Isha, projekta iwashwe.

Mpenzi wa sinema kwenye tamasha ni kiumbe wa kuchekesha. Asubuhi utamkuta na ratiba mkononi na kalamu sikioni, amechora mishale kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, anapiga hesabu kama anaweza kutoka huku kabla filamu haijaisha ili awahi mwanzo wa ile ya kule. Chakula chake ni urojo, anaunywa huku anatembea. Ikifika siku ya tatu filamu zimeshaingiliana kichwani mwake: mvuvi wa Pemba amehamia Dakar, na mjane wa Kigali anaongea Kihindi. Waraka wa kwanza wa Yohane unaitaja tamaa ya macho. Sidhani kama mwandishi alikuwa na sisi akilini, lakini kidogo inatuhusu. Anayemeza filamu tano kwa siku anakuja nyumbani na idadi.

Tena kuna jambo ambalo wageni wa tamasha hulalamikia, na mimi nalitetea: watazamaji wa Unguja huisemesha filamu. Msichana akinyanyuka kwenda kufungua mlango, nusu ya ngome itamkataza asifungue. Mwanamume akidanganya, atasutwa hapo hapo kwa jina lake. Hata bara hatujambo. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanakumbuka kwamba filamu bila mtu wa kuitafsiri na kuitilia chumvi ilikuwa haijakamilika, na huko Kenya DJ Afro alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo hiyo. Wapo wanaoona ni kukosa ustaarabu. Kwangu mimi, anayemwonya mtu wa kwenye filamu amemchukulia kuwa ni mtu.

Usiku mmoja ilionyeshwa filamu ya taratibu mno, kutoka nchi ya mbali, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Mwanamke wa makamo yuko jikoni kwake. Anapika, anaosha vyombo, anafunga dirisha. Muziki hakuna, mlango haugongwi. Haukupita muda watu wa mstari wa mbele wakaanza kuchungulia simu zao, na kijana mmoja mwenye kitambulisho cha tamasha shingoni akaondoka akinung'unika kwamba hakuna kinachotokea. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa mjini, amekuja na mjukuu wake, buibui lake amelikusanya vizuri magotini. Yale maandishi ya Kiingereza hakuyashughulikia hata kidogo.

"Masikini, huyu hana mtu," akasema, kwa sauti ya kunisikilizisha mimi.

"Umejuaje, bibi?"

"We humuoni anavyokula? Anakula kasimama. Mtu mwenye watu wake hali kasimama, mwanangu. Atakaa, atawangoja wenziwe."

Nikatazama. Kweli, sahani ilikuwa mkononi, na nyuma ya mgongo wa yule mwanamke kulikuwa na meza yenye viti vinne, vyote vimesukumwa ndani. Mwongozaji aliviweka viti vile pale makusudi na akatuacha tuvitazame mpaka vituume. Filamu ilipofika mahali pa kutuambia kwamba waliokuwa wakivikalia hawatarudi, bibi alikuwa ameshafuta machozi na kufunga hesabu yake kitambo, na mjukuu amemlalia begani. Kuna watu wanaosomea sinema miaka mitatu wasifike pale alipofika kwa kutazama mkao wa mtu na sahani yake.

Nimejiuliza sana ni kitu gani kinachotokea kwenye giza lile. Picha 24 zinapita kila sekunde, jicho linadanganyika, linaona mwendo. Hiyo ni fundi mitambo atawaeleza. Linalonigusa mimi ni jingine. Uso wa mtu nisiyemjua umekuwa mkubwa kama ukuta wa kanisa, na kwa saa moja na nusu siwezi kumkatiza. Siwezi kumpa ushauri. Siwezi kumuuliza ni wa jimbo gani, ameolewa kwa ndoa ya namna gani, na kadi yake ya zaka iko wapi. Mwanamke yule wa jikoni angekuja ofisini kwa paroko siku ya Jumanne, ndani ya dakika tano angekuwa ameshapewa aya mbili za Maandiko, namba ya mwenyekiti wa jumuiya na ahadi ya kuombewa. Angeondoka, na hakuna ambaye angejua kwamba anakula amesimama.

Kanisa na sinema vimekuwa na uhusiano wa wasiwasi na mapenzi. Ndugu Lumière walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na haukupita muda mrefu maaskofu wakaanza kuwa na hofu. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika waraka mzima juu ya sinema, Vigilanti Cura, na sehemu kubwa yake ni tahadhari. Pius XII alirudi kwenye mada hiyo mwaka 1957 kwa sauti ya upole zaidi. Wakati huo huo Wakatoliki walei walikuwa wameshajipanga: chama chao cha sinema kilianza 1928, na mrithi wake, SIGNIS, leo hutuma waamuzi kwenye matamasha mengi duniani. Kule Cannes wamekaa meza moja na Waprotestanti tangu 1974 kuichagua filamu ya kuitunuku. Hata Zanzibar SIGNIS imewahi kutoa tuzo yake, ndani ya kuta zile zile nilizowasimulia.

Huku kwetu wengi tuliiona filamu ya kwanza maishani kwa sababu ya dini. Ilikuja gari, ikashusha jenereta na kitambaa cheupe, na kijiji kizima kikakaa chini kuitazama filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo iliandikwa kutokana na Injili hii hii ya Luka. Watoto walikaa hata nyuma ya kitambaa wakamwona Bwana akitumia mkono wa kushoto. Sijui katekista gani amewahi kukusanya umati ule.

Sinema ilipotimiza miaka 100, mwaka 1995, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa, kwa mafungu matatu: dini, maadili na sanaa. Ni orodha nzuri, na ina ujasiri wake. Imo Nosferatu, filamu ya mwaka 1922 ya mnyonya damu, na hakuna aliyepoteza imani kwa ajili hiyo. Lakini nimeipitia tangu juu hadi chini, na filamu ya mwongozaji wa Afrika kusini mwa Sahara haimo hata moja. Kufikia 1995 Souleymane Cissé wa Mali alikuwa ameshatuzwa Cannes kwa Yeelen, na Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso kwa Tilaï. Tamasha la Ouagadougou, FESPACO, lilikuwa na zaidi ya miaka 25 tangu lianze mwaka 1969. Watu wale walikuwepo, wanafanya kazi, wanaonyesha. Waliotunga orodha wanafanana na Simoni katika hilo.

Laiti wangeichukua Borom Sarret ya Ousmane Sembène. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba watu aliowaandikia hawazisomi. Akaenda kusomea sinema, kwa kuwa aliiona kuwa ni shule ya jioni ya watu wake. Filamu hiyo ya mwaka 1963 ni fupi, kama dakika 20 hivi. Ni siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Anaanza kwa sala asubuhi, anabeba abiria wasiolipa. Anapokula, kilema anajikokota hadi miguuni pake kuomba. Hamjibu kitu, anawaza tu kwamba ombaomba wamekuwa wengi. Mara anatokea mwimba sifa, anamwimbia ukuu wa mababu zake, na mwenye mkokoteni anamkabidhi pesa ya kutwa nzima. Sembène hasemi lolote. Anatuacha tumtazame maskini akimpita maskini ili anunue picha yake mwenyewe iliyopambwa.

Nimewaonyesha filamu hiyo viongozi wa jumuiya mara moja. Walicheka kwa mwimba sifa. Kwa kilema walinyamaza.

Na iko nyingine ya karibu zaidi nasi, Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina wa Kenya na kupelekwa na nchi yake kushindania Oscar. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa, na waganga wameshamaliza yao. Mama anamtoa hospitali amrudishe kijijini akae naye siku zilizobaki. Jo anapenda filamu za watu wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka hewani, na dada yake anakishawishi kijiji kizima kimsadikishe kwamba naye anazo nguvu hizo. Mama hataki. Anataka mtoto apumzike, ale dawa, afe kwa utaratibu. Mwisho wake sitawaambia, kwa sababu nitakayoitaja. Nitasema tu kwamba mama anampenda Jo kuliko kijiji chote, na bado kwa sehemu kubwa ya filamu anauona ugonjwa. Wenye wagonjwa nyumbani mtalielewa hilo haraka kuliko mimi.

Sasa niwaambie na la upande wa pili, maana sinema nayo ina mtego wake. Mtakatifu Agostino aliufahamu mapema. Alipokuwa kijana anasoma Carthage alipenda mno michezo ya jukwaani, na katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake anajihoji kwa ukali: kwa nini mtu afurahie kulia kwa ajili ya mateso ya kuigiza? Mtazamaji, anasema, haitwi kumsaidia mtu yeyote. Anaitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu mchezaji. Nchi hiyo alikolilia Agostino ndiyo leo ina tamasha kongwe la sinema lenye jina la Carthage, lililoanza Tunis mwaka 1966, na swali lake bado halijazeeka. Unaweza kumlilia mjane wa kwenye kitambaa, ukatoka ukimrukia mjane wa kwenye lango. Machozi ya ukumbini hayana gharama. Hayakudai nauli wala unga.

Ndipo narudi mezani kwa Simoni. Baada ya kumuuliza kama anamwona mwanamke, Yesu hampi somo la huruma. Anamsomea vitu: maji ya miguu hukunipa, busu hukunipa, mafuta ya kichwa hukunipaka, na katika kila kimoja anamwonyesha mwanamke alitoa nini mahali pake. Ni mambo ya mkono yote. Maji yalikuwemo mtungini nyumbani mwa Simoni, na mafuta hakuyakosa. Mwanamke aliyeona kwamba miguu ya mgeni ina vumbi ni yule ambaye Simoni alikuwa bado anamtafutia jina. Kwa hiyo bibi wa Ngome Kongwe amefika nusu ya njia, na ni nusu ngumu. Nusu iliyobaki ni kumvutia mtu kiti.

Katika parokia yetu nawafahamu watu wanaokula wamesimama. Wapo wanaoingia misa ya kwanza na kutoka kabla ya matangazo ili wasiulizwe kitu. Yupo kijana aliyerudi kutoka gerezani ambaye amani ya Kristo hupewa kwa kutikiswa kichwa kutoka mbali. Wapo kina mama ambao jumuiya inawafahamu kwa jina la hali yao, yule aliyeachika, yule wa nyumba ndogo, na jina la ubatizo hakuna anayelikumbuka mpaka siku ya msiba. Tumewatazama sana watu hawa. Sijui tungejibu nini kama tungeulizwa alichoulizwa Simoni.

Wenye nafasi, tamasha likija mwakani, nendeni. Chagueni filamu mbili, si kumi, na mojawapo iwe ya mahali msipopajua. Msiondoke kwa sababu hakuna kinachotokea. Walio bara wasione kwamba jambo hili ni la waliovuka bahari: projekta ya parokia, ambayo sasa kazi yake ni kuonyesha maneno ya nyimbo na picha za harambee, ina uwezo wa kufanya zaidi ya hayo, na ukumbi wetu una giza la kutosha baada ya saa moja usiku.

Kwa hiyo naomba hivi. Vijana waandike barua ya kuwaomba wenye haki za Supa Modo ruhusa ya kuionyesha ukumbini, kwa njia halali, bila nakala za magendo. Filamu iliyoibwa haitatufundisha kumwona mtu. Ruhusa ikipatikana tutatangaza Jumamosi yake. Kina mama wa WAWATA wameniahidi chai. Kila familia ije na mtu mmoja ambaye haijawahi kukaa naye benchi moja, na mwenyeji ndiye atakayembebea kiti. Baada ya filamu hakutakuwa na mahubiri, nami sitashika kipaza sauti. Kiingilio hakuna, simu zizimwe, na atakayetaka kuisemesha filamu aisemeshe.